Mti wa Manjano na Fundo Nililolikata

Ninyi mnaosomea uuguzi hapo Kasongo, mwalimu wenu alinitumia ujumbe kwa mtu wa pikipiki: niwaandikie kidogo juu ya faida za miti yetu ya dawa, kwa kuwa mimi ni wa zamani na niliitumia sana. Faida. Nimekaa na neno hilo wiki mbili. Kila nikianza kuandika nafuta, kwa sababu mti ninaoujua kuliko yote unaniuma nikiutaja. Lakini nilikubali, na nikikubali kitu nakifanya, hata kama safari hii nakifanya kwa hasira.

Kwanza mnijue. Huku kwetu, kama mjuavyo, munganga ni yeyote anayetibu kwa sindano na vidonge, awe daktari au muuguzi, ndiyo maana hadi leo naitwa Mama Munganga ingawa nimestaafu. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika kituo kimoja cha afya, kwenye njia ya kutoka Wamaza kwenda Kabambare: vyumba vitatu, baraza moja, na choo kilichokuwa kikianguka kila masika. Nimezalisha wanawake, kisha nikazalisha mabinti zao. Mkikutana na mtu wa kule mwenye kitovu kizuri, hiyo ni kazi yangu. Mwenye kitovu kibaya alizaliwa siku niliyokuwa likizo.

Mti wenyewe tunauita mti wa manjano, basi. Wabangubangu wana jina lao, Walega lao, na wachimbaji waliotoka Kivu wana lao, lakini ukisema manjano wote wanakuelewa. Kwa nje hauna sura yoyote. Gome la kijivu, shina lililonyooka, unaweza kuupita mara mia. Ukilikwaruza gome kwa ukucha, ndani unaona manjano kama kiini cha yai la kuku wa kijijini, na ukiramba kidole utatema mate mpaka jioni.

Nilipoanza kazi, kutoka kituoni hadi mtoni nilikuwa napita mingi bila kuihesabu, kama mnavyopita ninyi kando ya mihogo. Miaka michache iliyopita ulikuwa umebaki mmoja ninaoujua, na huo nilikabidhiwa mimi niulinde. Nitafika kwenye habari zake. Siendi mbio kwa sababu ndiko nisikotaka kufika.

Aliyenifundisha mti huu hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa Mzee Kalonda, santineli wa kituo, mlinzi wetu. Mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua la saa saba, kirungu mkononi ambacho sikuwahi kumwona akipiga nacho kitu chochote isipokuwa mbuzi waliokuja kula karatasi za wagonjwa. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka shule ya misheni na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Nilimsalimu kwa heshima, lakini moyoni nilimwona kama sehemu ya ua.

Ikaja miaka ya kukimbia vita. Kijiji kizima tuliingia msituni, na sanduku la dawa nililobeba kichwani lilikwisha kabla ya juma la pili. Mimi mwenyewe nikashikwa na homa, ile ya meno kugongana. Mzee Kalonda akanijia na kikombe.

"Kunywa, Mama. Iko muchungu, lakini inafanya kazi."

"Ni dawa gani hiyo, Mzee?"

"Ni muti. We kunywa kwanza, maulizo itakuja kisha."

Nilikunywa. Kwa siku nne alinipa asubuhi na alasiri, na siku ya tano niliweza kusimama na kuwatazama wagonjwa wengine. Sitawadanganya kwamba ni gome peke yake lililoniponya. Homa nyingine hushuka zenyewe, na muuguzi asiyejua hilo ni hatari kuliko homa. Lakini katika miezi ile niliona mengi kwa macho yangu. Niliona vidonda vya miguu, vile vya kunuka vinavyokaa mwaka, vikioshwa kwa maji ya gome hilo na kuanza kuota nyama nyekundu safi. Niliona watu wenye macho ya manjano wakianza tena kula. Niliona homa nyingi zikilegea. Kwenye vidonda ndiko nilikoliamini zaidi, na hadi mwisho wa kazi yangu, spiriti ilipokosekana, niliosha vidonda kwa maji hayo bila aibu.

Sasa andikeni na hili, msije mkasema Mama Munganga aliwatuma. Mwenye mimba asinywe. Mtoto mchanga asinywe. Mtoto anayetetemeka mwili mzima na kugeuza macho hapelekwi kwenye gome, anapelekwa kituoni, hata kwa mgongo. Baba mmoja wa upande wa Lusangi alimchemshia binti yake gome siku tano kwa sababu alisikia kwamba mimi nalisifu. Siku ya sita alimleta kwa pikipiki amemfunga mgongoni kwa kitenge. Nilimpokea mtoto mikononi, na mikononi mwangu akakata roho. Yule baba hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia, "Tulifuata dawa yako, Mama," kama mtu anayetoa shukrani. Tangu siku ile kila nilipolisifu gome nilitanguliza katazo, lakini sifa zilikimbia na katazo likabaki nyuma.

Mambo ya kulitengeneza ni rahisi. Likaushwe kivulini, kamwe si juani. Kipande cha upana wa vidole viwili, kilichochemshwa mpaka maji yabaki nusu, kinamtosha mtu mzima kwa siku, wala asipitishe juma moja. Sufuria yake iwe ya kazi hiyo tu. Hili la sufuria nalijua kwa kuaibika. Tuliporudi kutoka msituni, kituo kilikuwa na sufuria moja kubwa, nami nikachemshia gome humo, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, nikawarudishia wanawake wa chumba cha uzazi. Wakapika maharage. Yalitoka manjano na machungu, na mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa alionja kijiko kimoja, akatukana ukoo wangu wote, akajifungua palepale. Mzee Kalonda alicheka hadi kofia ikaanguka. Alisema hiyo nayo ni faida, niiandike kwenye daftari.

Nilikuwa naandika kweli. Dawa za kizungu zilikuja kwa kusuasua, barabara mnaijua, na mimi nikaanza kulitumia gome kwa utaratibu, na daftari, na kipimo. Wakubwa wa afya wakasikia. Wakaleta vijana kumi na wawili kutoka vituo vya jirani niwafundishe kwa juma moja. Ndizo siku zangu za fahari. Mmoja wao alikuwa Feza, msichana mwembamba wa Kabambare, mwepesi wa kushika kuliko wote. Aliuliza swali moja kwa siku, na lilikuwa lile ambalo mimi sikulifikiria.

Siku ya tatu niliwapeleka msituni, Mzee Kalonda akitutangulia. Niliwaonyesha jinsi ya kukwaruza kwa ukucha. Tukafika kwenye mti mmoja mnene ambao shina lake, usawa wa kifua, lilikuwa limezungushiwa kamba ya msituni iliyofungwa fundo. Vijana wakasimama. Feza akarudi hatua mbili.

"Ile iko na mwenyewe," akasema. "Hatuguse."

Nilikuwa nimeyaona mafundo yale tangu utoto wangu. Misheni walitufundisha kwamba ni mambo ya giza, mtu amefunga roho ya mti, ukigusa utavimba tumbo. Nami nilikuwa mbele ya vijana kumi na wawili, nimevaa blauzi nyeupe, na nilitaka watoke pale wakiwa wauguzi, si watu wa kuogopa kamba. Nikamwomba Mzee Kalonda kisu cha kituo. Alinipa. Nikalikata lile fundo, likaanguka kwenye majani, nikachuna gome juu ya alama yake.

"Mnaona?" nikawaambia. "Ni kamba. Hakuna kitu."

Nilicheka. Na wao, taratibu, wakacheka. Mzee Kalonda alikuwa ameshika kofia yake mkononi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Vijana walinichungulia tumbo siku nne zilizobaki wakingoja livimbe. Halikuvimba. Basi wakarudi makwao na masomo mawili: ukikwaruza ukaona manjano, chukua; na fundo si kitu.

Mimi ndiye niliyewapa somo hilo. Nalisema mapema ili msitafute wa kumlaumu mwingine nikiendelea.

Kisha niliandika ubao. Nilichukua bati bovu la paa, nikalipaka rangi, nikaandika kwa herufi kubwa jina la mti, homa, vidonda, macho ya manjano, na namna ya kuutambua. Katazo niliandika chini kwa herufi ndogo kwa kuwa bati lilikuwa limekwisha. Nikalitundika barazani. Wagonjwa walisoma, wapita njia walisoma, na wachimbaji wa dhahabu walisoma.

Wachimbaji walikuwa wamejaa upande wa Lusangi, vijana wa kila mahali, Wakristo na Waislamu, wenye miguu iliyoliwa na maji ya mashimo. Kweli walihitaji dawa ya vidonda, siwezi kuwanyima hilo. Wa kwanza walikuja kwa adabu, wakaomba kipande. Baadaye mmoja wao, sijui nani, aligundua kwamba gome lina rangi ileile wanayoitafuta ardhini. Habari ikatoka kwamba ukiosha karai lako la kuchekechea kwa maji ya mti wa manjano, dhahabu inakuja yenyewe. Mlicheke hilo, hata mimi nililicheka. Kijana mmoja alikuja kituoni mikono na uso vimekuwa manjano kwa kujiosha, nikamwuliza kama amepata dhahabu. Akajibu, "Bado, Mama, lakini sasa inanijua."

Niliwasimulia watu kicheko hicho majuma mengi. Wakati nacheka, msitu ulikuwa unavuliwa nguo. Walichuna kuanzia mizizi hadi mkono unapofika, pande zote, mzunguko mzima. Pikipiki zilipita mbele ya baraza langu na magunia mawili mawili, zinaelekea Kasongo na kwingine nisikokujua. Mti uliochunwa mduara mzima haufi siku hiyo. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Majani yanabaki mabichi miezi mingi, unatoa hata matunda, ndege wanakuja, mtu anapita anasema uko salama. Lakini chakula hakishuki tena mizizini. Umeshakufa, unangoja tu kuambiwa.

Siku moja nilimkuta Mzee Kalonda amekaa nyuma ya kituo, anasokota kamba. Alikuwa mgonjwa wa kifua wakati ule, ameacha kazi, lakini alikuja kila siku kukaa kwetu kwa mazoea. Nikamwambia nimetembea hadi mtoni na sikuona mti mzima hata mmoja.

"Zamani walikuwa wanaogopa fundo," akasema.

"Fundo la uchawi, Mzee?"

Aliiweka kamba chini, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemzidi cheo.

"Ile fundo haiko uchawi, Mama. Iko barua. Mutu anasema: mimi nilipita hapa, nilikata kiganja moja, upande ya jua kutoka. Nilipaka udongo. Muache ipumuzike. Kamba ikioza, ikianguka yenyewe, basi kidonda ya muti imefunga. Mwingine anaweza kukata. Ni vile tu."

Fikirini hapo kidogo. Kamba ya msituni ya unene ule inachukua muda karibu sawa na gome kuota tena. Watu wasiojua kusoma walikuwa wameweka kalenda juu ya kila mti, na mtu wa kijiji cha pili aliweza kuisoma bila kumjua aliyeiandika. Hizo habari za kuvimba tumbo walizisema kwa watoto na kwa wezi. Mimi nilikuwa na daftari, kipimo, na diploma, na nilichana barua ile mbele ya vijana kumi na wawili.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nikamwuliza. Nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha.

"Uliomba kisu, mi nikakupa. We ulikuwa shefu, mi santineli. Na ulikuwa unacheka, Mama. Mutu mwenye anacheka hasikie."

Juma lile lile alinipeleka ng'ambo ya mto, mwendo wa saa tatu ambao sisi tuliufanya kwa saa sita kwa sababu ya kifua chake. Huko, kwenye bonde lenye matope lisilopitiwa na pikipiki, ulikuwepo mti wa manjano mkubwa kuliko yote niliyoiona. Watu wawili tusingeweza kuukumbatia. Juu yake hondohondo walikuwa wanakula matunda na kupiga kelele kama watu wa sokoni. Mzee akasema huo ni mama. Baba yake hakuukata, babu yake hakuukata. Hondohondo wanakula hapo wanakwenda kupanda kwingine, kwa hiyo huo ukiwepo, hata tufanye ujinga gani, miti mingine itarudi. Ukiondoka huo, basi.

Alitoa kamba mbili za vikapu, zile ngumu zisizooza upesi, akanionyesha jinsi ya kuzisokota pamoja. Fundo la kamba mbili maana yake usiguse kamwe. Hakulifunga yeye. Alinifanya nilifunge mimi, kwa mikono hii, na nilipolegeza akalifungua akaniambia nianze upya. Mara ya tatu akaridhika.

"Sasa iko kwako," akasema.

Hakumaliza mwezi. Tulimzika na kofia yake. Nami nikawa na kazi moja iliyobaki duniani: mti ule uwe hai, ili ujinga wangu uwe na mwisho. Kila baada ya miezi mitatu nilivuka mto kwenda kuliangalia fundo. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba kila nilichokuwa nimewaambia watu kimekuwa shoka, basi safari hii nifunge mdomo. Hilo nalo lilikuwa kosa, na ni kubwa kuliko lile la kisu. La kisu nililifanya kwa kutojua. Hili nililifanya nikijua, kwa aibu, kwa sababu kuwaeleza wale vijana kumi na wawili maana ya fundo kungekuwa kuwaeleza kwamba mwalimu wao alikuwa mpumbavu. Nilikuwa na njia ya kuwatumia habari. Nilikuwa na miaka. Nilijiambia nitafanya mwaka ujao.

Nikastaafu. Magoti yakakataa mto, nikaanza kwenda mara mbili kwa mwaka, halafu mara moja.

Masika yaliyopita barabara ilikatika sehemu tatu. Feza sasa ndiye muuguzi mkuu wa kituo kidogo karibu na machimbo, na ni muuguzi mzuri, nawaambia kwa fahari ambayo sijui niiweke wapi. Alinijia mchana mmoja kwa mguu, matope hadi magotini, uso unang'aa. Alinikumbatia kabla sijasimama vizuri.

"Mama Munganga, nimeipata! Moja mukubwa, ngambo ya mutoni! Mi nilifikiria yote imekwisha!"

Nilikaa tena kwenye kiti.

"Dawa imekwisha tangu juma tatu," akaendelea, "watu wamejaa barazani, wengine iko wanalala chini, vidonda, homa, na hakuna pikipiki inapita. Nikasema, Mama alitufundisha nini? Nikaingia porini na wanaume wawili. Siku mbili tulikwaruza kila muti. Halafu ile! Manjano kabisa, Mama! Tulichuna pande zote, kutoka chini mpaka fasi mikono inafika. Watu wamepata. Kuna mubaba alikuwa na kidonda ya mwaka muzima, sasa inakauka."

Nikamwuliza kama kulikuwa na kitu chochote juu ya shina.

"Kitu gani?"

"Kamba."

"Aah, ile! Kamba ya zamani, ngumu sana. Niliikata, ilikuwa inazuia panga." Akacheka. "Wale wanaume waliogopa kweli. Nikawaambia, Mama Munganga mwenyewe alituonyesha, ni kamba tu, hakuna kitu."

Alicheka kicheko changu. Kilekile, na kichwa kikienda nyuma. Nilikuwa nimemfundisha hata hicho. Kisha akafungua kitenge chake akatoa furushi la gome lililokaushwa vizuri, kivulini, rangi haijapotea hata kidogo, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili.

"Hii yako, Mama. Ya magoti."

Nilimwambia aksanti. Nilimpa muhogo na samaki, akala kwa haraka kwa sababu wagonjwa walikuwa wanamngoja, akaondoka. Sikuweza kumwambia. Angeacha kufanya kazi siku hiyo, na wale watu barazani walikuwa na vidonda vya kweli. Nilibaki na lile furushi mapajani hadi jua likazama, nikiwa na chuki juu yangu mwenyewe ambayo sijui niipe jina gani. Magoti yangu hayajaonja gome hilo na hayataonja.

Kesho yake nilianza safari ya kuvuka mto, na nilitumia siku mbili. Shina lilikuwa limevuliwa mzunguko wote, tupu, la manjano, na mchwa wameshaanza chini. Juu majani yalikuwa mabichi kabisa. Hondohondo walikuwa wanakula. Nililiokota fundo langu kwenye matope, halikuwa limefunguka, lilikuwa limekatwa kando kwa pigo moja safi. Niliokota na matunda yaliyoanguka. Nimeyapanda kwenye makopo ya maziwa nyuma ya nyumba yangu. Yalianguka machanga, na mbegu changa haioti, nalijua hilo vizuri. Kila asubuhi nayamwagilia.

Nilipopata nguvu nilimwita Feza, nikamwambia kila kitu, kuanzia kisu cha kituo. Hakulia mbele yangu. Aliuliza swali moja, kama zamani.

"Wengine kumi na moja wanajua?"

Nikamwambia hawajui. Wawili wamekufa, wengine wametawanyika hadi Kindu na kwingine, na hao pia wamefundisha wengine, na hao wengine wengine. Ninyi hapo Kasongo huenda mmefundishwa na mmoja wao. Basi mmeulizia faida, nazo nimewaandikia hapo juu zote, kwa kipimo na kwa katazo, na hakuna hata moja niliyowaficha. Lakini mkikuta mahali popote, msitu wowote, mti wowote uliofungwa kamba na mkono wa mtu msiyemjua, simameni. Ulizeni kabla ya kucheka.

Feza aliniomba nimpeleke kwenye ule mti. Tulikwenda pamoja, yeye amenishika mkono kuvuka mto. Nilibeba kamba mbili za vikapu. Nilimwonyesha jinsi ya kuzisokota, nikamwambia azizungushe usawa wa kifua, juu ya ule uchi wa manjano ulioanza kugeuka kahawia. Mara ya kwanza alilegeza, nikalifungua. Mara ya pili pia. Mara ya tatu alikaza vizuri kuliko mimi, kisha mikono yake ikasimama.

"Mama, lakini hii imeshakufa."

"Funga, mutoto yangu," nikamwambia. "Hatuna muti ingine ya kujifunzia."